Umemleta, Mrudishe

Mimi ni seremala. Ubao ukipinda nasema umepinda, siubembelezi. Kwa hiyo ukiona haya ninayokueleza hayaingii akilini, usibishane nami. Nenda barabara ya stesheni, ingia jumba la Yusufali, utazame tao la mawe lililo mbele ya jukwaa. Lina mawe ishirini na matatu. Ishirini na mawili aliyaweka shemeji yangu Ahmadi akiwa hai.

Jumba lile lilijengwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike hapa Morogoro. Yusufali muuza nguo alikuwa ameona michezo ya kuigiza huko Bombay katika ujana wake, na ugonjwa huo haukumtoka. Akasema mji wenye stesheni hauwezi kukosa jumba la michezo. Watu walimcheka pembeni, lakini mwenye pesa si mwenzio. Mawe yakatoka mtoni, chokaa ikaja kwa gari la moshi kutoka pwani, na kuta zikapanda kwa unene wa dhiraa nzima. Mbele aliweka milango mitatu ya mvule. Ndani kukawa na roshani ya Wadachi juu ya nguzo nne za mninga, chini yake mabenchi ya wenye maduka, na nyuma kabisa mahali pa kusimama sisi wengine. Jukwaa nililijenga mimi, kimo cha kiuno, tupu chini yake, ili mguu ukikanyaga utoe sauti. Paa likawa la bati. Hapo Yusufali alikosea, maana mvua ya Uluguru ikishuka juu ya bati, hata ukipiga mbiu hakuna anayekusikia. Nilimwambia.

"Fundi Mikidadi," alinijibu, "wewe piga misumari."

Fahari yake hasa ilikuwa tao. Tao la mawe lina ujanja wake. Kwanza seremala huchonga kalibu, nusu duara ya mbao, na mwashi hupanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili mpaka yakaribiane kileleni. Pale katikati hubaki nafasi ya jiwe moja. Jiwe hilo likikaa, unaondoa mbao zako, na mawe yanashikana yenyewe mpaka kiama. Kabla halijakaa, ni mzigo wa mawe tu uliolalia mbao.

Ahmadi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila jiwe aliligonga mara tatu kwa mpini wa mwiko, ngo, ngo, ngo, kisha akaliambia kwa upole, "Kaa hapo, baba." Nilikuwa chini napiga randa, nikimtania.

"Shemeji, utazungumza na mawe hadi yakujibu."

"Yakijibu nitakuita usikie," alisema.

Siku ile ya masika ilianza kama siku nyingine. Dada yangu Chausiku, mke wa Ahmadi, alituletea mihogo ya kuchemsha. Kabla ya kukaa alifuta benchi kwa ncha ya kanga yake, kama alivyofanya maisha yake yote, hata benchi liwe limetoka kwenye randa. Akaniuliza, "Kaka, umekula?" Tangu mke wangu afariki, hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekuwa akiniuliza hivyo. Tukala. Ahmadi akapanda tena kwenda kuchagua jiwe la mwisho. Ubao wa juu wa kichanja walichosimamia waashi ulikuwa umelowa, maana paa lilikuwa bado. Sikumwona akianguka. Nilisikia mguu ukiteleza, kisha jukwaa langu likalia kama ngoma.

Tulimzika hapa Bigwa, nje ya mji, alasiri ya siku iyo hiyo, kwenye ukungu.

Sasa nikueleze jambo la mtani, maana mambo yote yametokea hapo. Kwetu mtu akifa, mtani wa ukoo huja matangani akavaa nguo za marehemu. Hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, husema maneno yake, na waliokuwa wakilia hucheka huku machozi yakiwatoka. Ni dawa, na mimi mwenyewe iliniponya nilipofiwa na mke. Lakini dawa ina kipimo. Watu wakishacheka, mwenye msiba husimama na kusema, "Mtani, umemleta, mrudishe." Hapo mtani huvua nguo, akanawa uso, akawa mtu wake mwenyewe tena. Neno hilo hasemi mwingine. Ni la mwenye msiba.

Mtani wetu alikuwa Kibwana, mtu wa maneno, rafiki yangu tangu tukiwa wachunga mbuzi. Wakati wa msiba alikuwa bara, kwenye kambi za ujenzi wa reli. Matanga ya Ahmadi yakapita bila mtani. Watu wakakaa kimya siku tatu, wakala, wakaenda zao.

Chausiku akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya vyumba viwili, peke yake. Watoto wawili waliozaliwa humo walikuwa wamefariki kabla hawajaota meno. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekaa na shati jeupe la kazi la mumewe mapajani, na kofia ya marehemu juu ya shati. Alipotoka eda alizifunga katika kitambaa, akawa anazibeba popote aendapo, sokoni, mtoni, hata kwangu.

Kule mjini Yusufali alikuwa ameleta waashi wengine wawili kumalizia tao. Walijaribu mawe saba. Lingine kubwa, lingine dogo, lingine liliingia vizuri kisha likachomoka lenyewe usiku. Mwisho Yusufali akachoka, akaamuru kalibu yangu ifunikwe kwa kitambaa chekundu na jumba lifunguliwe hivyo hivyo. Vuli ilikuwa imeanza.

Siku ya ufunguzi Wadachi walijaa roshani na wake zao, Wahindi wakajaza mabenchi, sisi tukabanana nyuma. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na Chausiku, kwa kuwa kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwangu. Wachezaji walitakiwa kufika kutoka Dar es Salaam kwa gari la mchana. Gari halikuja. Maji yalikuwa yamekata njia.

Yusufali alinijia akitokwa jasho kama aliyemwagiwa ndoo. "Fundi, watu wameshakaa. Hakuna hata mtu mmoja wa kuchekesha?"

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"We Mikidadi, bado hujafa? Nimekuletea sanda toka bara, nimebeba mzigo bure!"

Alikuwa Kibwana, na vumbi la reli bado miguuni. Habari za Ahmadi alikuwa amezipata njiani. Macho yake yalikuwa mekundu, ingawa mdomo ulikuwa ukitania. Akamgeukia Chausiku, akamwinamia kwa adabu. "Mtani, nilikosa matanga. Nipe ruhusa nimlete leo. Hapa alipojenga kwa mikono yake."

Chausiku alifungua kitambaa chake, akampa shati na kofia.

Nikafungua pazia. Kibwana akatoka akiwa Ahmadi. Bega la kushoto chini kidogo, mguu wa kulia ukichelewa. Akajifanya anautafuta mwiko, kumbe ameushika. Watu wa nyuma wakaangua kicheko kwa kumtambua, Wahindi wakacheka kwa sababu sisi tumecheka, na Wadachi wakacheka kwa sababu ya Wahindi. Akagonga hewani, ngo, ngo, ngo. "Kaa hapo, baba." Nilicheka hadi nikalia.

Kisha akaacha kuchekesha. Akasimama katikati ya jukwaa akitutazama sisi wawili pembeni. Kicheko kikafa mstari baada ya mstari.

"Mama Wawili," alisema. "Mbona kumekuwa na giza nyumbani?"

Nilihisi vidole vya dada yangu vikinishika mkono. Mama Wawili, dada alinieleza baadaye, ni jina ambalo Ahmadi alimwita ndani tu, kwa ajili ya wale watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia. Kibwana angelijulia wapi?

"Sema," nilimnong'oneza. "Chausiku, inatosha. Sema."

Hakusema. Alikuwa akitabasamu, na sikuwa nimeona tabasamu lile tangu masika. Juu roshani Mdachi mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, jumba zima likatetemeka kwa makofi. Yusufali akanipungia mkono kwa nguvu: funga, funga! Nikavuta kamba. Pazia likashuka.

Hilo ndilo kosa letu. Tulidhani pazia likishuka, jambo limekwisha. Pazia ni kitambaa. Neno halikusemwa.

Asubuhi nilimkuta Kibwana amelala jukwaani na nguo zile zile. Nikampiga kofi la utani begani. "Amka, msiba umeisha, vua."

"Shemeji," alijibu kwa sauti ya Ahmadi, "chokaa imefika?"

Nilidhani ni mzaha. Mtani ni mtani. Siku ya pili mzaha ulikuwa umezeeka. Siku ya tatu nilimkuta juu kwenye kichanja, kamba ya timazi mkononi, akipima tao. Kibwana hakuwahi kushika mwiko maishani. Mikono ile ilikuwa ikijua kazi.

Kila alasiri Chausiku alikuja kutoka Bigwa na chakula kilichofunikwa kwa kawa. Alifuta benchi la kwanza kwa ncha ya kanga, akakaa peke yake katika jumba tupu. Wakazungumza. Mambo madogo tu, kuku, jirani, paa linalovuja. Nilikuwa nikipita nje nawasikia, mwanamke na mumewe. Watu wa Bigwa wakaanza kusema amefuga msukule. Mimi nikaenda mbali kuliko wao. Nilimwita mchawi, dada yangu wa tumbo moja, mbele ya mlango wake.

Alinitazama bila hasira. "Kesho, kaka. Nitasema kesho. Niachie leo tu."

Kesho yake nilimwambia tena. Akasema kesho.

Siku ya tisa nilipanda kichanjani kuangalia kalibu yangu. Mtu yule alinipa mgongo, akichonga jiwe. Mikono haikusimama. Lakini chini ya mlio wa patasi nikasikia sauti nyingine. Nyembamba. Sauti ya rafiki yangu, inatoka mbali kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mtani. Mwambie aseme."

"Kibwana?"

"Napotea, mtani. Likikaa jiwe hili, sirudi."

Patasi ikasimama. Shingo ikageuka polepole. Uso ulikuwa wa Kibwana. Macho hayakuwa yake.

"Shemeji," alisema Ahmadi, "unasimama kwenye mwanga wangu."

Sijui nilishukaje. Nilikimbia hadi Bigwa nikamkuta dada yangu akitwanga. Nilimshika mkono, nikamvuta njia nzima, na hakunipinga. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba Kibwana ana mama yake mzee huko kwao, anamngoja. Alilia. "Nitasema," aliniapia. "Leo nitasema."

Tulipofika mvua ilikuwa imeanza. Bati likanguruma. Tukaingia kwa mlango wa kati, na milango mingine miwili ilikuwa imefungwa kwa komeo, nilifunga mwenyewe. Juu, kwenye kichanja, yule mtu alikuwa amelikumbatia jiwe lake kama mtoto. Chausiku akasogea hadi ukingo wa jukwaa.

"Mtani," aliita.

Mvua ikakatika. Ghafla tu, kama mtu aliyenyamazishwa. Jumba likawa kimya.

"Mtani, umemleta..."

"Mama Wawili," sauti ikashuka kutoka juu. Ya upole. Ya uchovu. "Ukimaliza neno hilo, utarudi kwenye nyumba ile. Nani atakuitika?"

Dada yangu alisimama mdomo wazi. Nilimwona akijaribu. Wallahi nilimwona. Nikamtikisa mabega. "Malizia! Neno moja tu!"

Akafunga mdomo.

Ngo.

Ngo.

Ngo.

"Kaa hapo, baba."

Mvua ikarudi juu ya bati kwa kishindo. Nilipanda ngazi. Kichanjani kulikuwa na mwiko na patasi. Hapakuwa na mtu. Nilitafuta juu ya roshani, nyuma ya pazia, chini ya jukwaa. Mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa nyuma yetu, na hakuna aliyetupita. Jiwe la ishirini na tatu lilikuwa limekaa, halina hata upenyo wa kuingiza ukucha. Niliondoa kalibu siku ya Ijumaa, na tao halikutikisika.

Yusufali alifurahi. Mimi sikuingia tena mle, hata wachezaji wa Dar es Salaam walipofika hatimaye.

Chausiku aliendelea kwenda kila alasiri kwa miaka minne. Alifuta benchi, akakaa, akalitazama lile jiwe. Halikusema naye. Alikuwa amempoteza mume mara ya pili, na safari hii pamoja na Kibwana, mtoto wa watu. Mimi sikumsamehe. Nilipokea chakula chake bila kumtazama usoni. Aliniuliza, "Kaka, umekula?" nikanyamaza. Mwaka jana, wakati wa kipupwe, homa ilimshika siku mbili ikamchukua. Neno hakulisema. Nikajiambia moyoni kwamba mimi ningelisema, siku ile ile, bila kutetereka. Kutoa shauri kwenye msiba wa mwenzio ni rahisi.

Hakuwa na mume wala mtoto. Mwenye msiba nikawa mimi.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, tulikuwa tumekaa mikekani uani kwake. Jua lilikuwa kali. Hakuna mtani aliyetaka kuja kwenye msiba wa mwanamke yule. Kisha wote tukaona mtu anakuja kwa njia ya mjini. Shati jeupe limekakamaa kwa chokaa. Uso mweupe kwa chokaa. Watu walidhani ni mtani wa mbali, wakampisha.

Alichukua kanga ya marehemu kwenye kamba ya nguo, akajifunga. Akatembea hadi kwenye benchi la uani nililomchongea dada. Akafuta ubao kwa ncha ya kanga. Akakaa.

Wanawake wakacheka, huku wakilia. Alikuwa yeye mtupu.

"Kesho, kaka," alisema. "Niachie leo tu."

Kicheko kikapungua. Kikaisha. Sauti ile haikuwa ya kuigiza. Katikati ya chokaa nikaona macho, na macho yalikuwa ya Kibwana, yamejaa maji, yananitazama kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ukingoni.

"Mtani," alinong'ona. "Wewe sema. Sasa ni lako."

Nikasimama. Neno lilikuwa tayari ulimini. Mtani, umemleta, mrudishe. Hata mtoto angelisema.

Uso wa chokaa ukainama upande, kama alivyokuwa akiinamisha.

"Kaka," aliuliza Chausiku, "umekula?"

Miaka minne nilikuwa sijamjibu. Nikafikiria karakana yangu jioni. Nikafikiria sufuria moja, sahani moja.

"Bado," nilimwambia. "Bado sijala, dada."

Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Sasa anakuja hapa karakanani kila alasiri. Sisemi na mtu, ila wewe umeniuliza kwa nini napiga randa benchi moja kila siku. Hukaa hapo ulipo wewe. Husema habari za kuku na za majirani waliokufa. Akinyamaza kidogo, ile sauti nyembamba husema kwa ndani, "Mtani, sema," na kila siku inakuwa nyembamba zaidi. Namjibu. Namwambia nitasema kesho.

Akiondoka, pale alipokaa panabaki doa la chokaa mbichi, na Bigwa yote hakuna anayechoma chokaa. Halifutiki kwa maji, ndiyo maana naliondoa kwa randa. Benchi hili nililichonga kwa ubao wa mninga wenye unene wa vidole vinne. Lipime sasa. Limebaki kidole kimoja, na hebu inuka uangalie nguo yako nyuma.